Sayyida Salme na Chumba Alichokifunga

Wajenzi wa kale wa miji yetu, tangu Pate na Lamu mpaka Unguja, hawakumfungulia mgeni nyumba yote kwa mara moja. Mpita njia hukomea barazani au dakani. Anayejulikana kidogo hupita tekani akafika kiwandani. Jamaa huingia msanani. Huko ndani kabisa, nyuma ya mapazia, ndiko kwenye mambo ya nyumba yenyewe, na huko haingii mtu ila mwenye haki ya kuingia. Sisi tuliosoma chuoni tulijua mapema kwamba mpango huo wa mawe na chokaa una mizizi yake katika dini, kwani Sura ya Nur imeamrisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana.

Leo, ndugu msomaji, nataka tumkumbuke bibi mmoja aliyezaliwa katika nyumba iliyokuwa kubwa kupita zote za pwani hii, akaja akaifungua milango yake kwa watu wa mbali waliokuwa hawana hodi wala salamu, na bado yeye mwenyewe akabaki na chumba kimoja ambacho ufunguo wake hakumpa mtu maisha yake yote. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya walimwita Emily Ruete.

Nilipokuwa mdogo, kina mama wakikaa uani wakisuka ukili, jina lake likitokea katika mazungumzo sauti zilishuka, na sisi watoto tukatumwa dukani kununua kitu kisichohitajika. Nilikua nikidhani kwamba aliua mtu. Kumbe kosa lake kubwa kwa watu wale lilikuwa mawili yaliyofungamana: alipenda mtu asiye wa dini yake akamfuata, kisha akaandika kitabu.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja, ufukoni. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, ambaye watu wa Mombasa wanamjua vizuri, kwani ndiye aliyeutwaa mji kutoka kwa Mazrui mwaka wa 1837. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyeletwa akiwa mtoto kutoka milima ya Kaukazi. Jumba la Mtoni lilikuwa mji ndani ya mji. Lilikuwa na ua mkubwa wenye miti na wanyama wa kufugwa, mahamamu upande mmoja, na upande wa bahari roshani kubwa ya mviringo ambako Sayyid alizoea kutembea huku na huku peke yake akiwaza, na ambako palikuwa na darubini ya kutazamia majahazi yanayoingia. Sayyid alipofariki, kwa hesabu ya Salme mwenyewe, aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 na wanawake 18, na masuria 75. Katika nyumba kama hiyo, siri ilikuwa kitu cha thamani kuliko dhahabu, kwa kuwa dhahabu ilikuwa nyingi na faragha haikuwapo.

Binti huyu alisomeshwa Kurani kama watoto wote wa jumba, lakini mabinti walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wakati huo. Naomba msomaji aukumbuke mfupa huo. Kalamu aliyoipata kwa kujificha ndiyo iliyomfanyia mema na mabaya yote yaliyofuata.

Mwaka wa 1856 Sayyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Oman. Ufalme ukagawika: Thuwaini akabaki na Oman, Majid akapata Unguja. Salme, mwenye umri wa miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima mwenye mali yake. Mwaka wa 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake, na mwaka huo huo ndugu zake Majid na Barghash wakagombana juu ya kiti. Salme alikuwa amelelewa karibu na Majid, lakini dada yake Khole, aliyempenda mno, alikuwa upande wa Barghash, naye akamfuata dada. Kwa kuwa miongoni mwa mabinti wale yeye ndiye aliyejua kuandika, akafanywa katibu wa fitina. Msichana wa miaka 15 akawa anaandika barua kwa wakubwa wa makabila na kuagiza bunduki na baruti.

Majid akaizingira nyumba ya Barghash. Hapo ndipo dada zake walipokwenda usiku na kundi la wanawake, wakaingia, wakamvika Barghash nguo za kike na shela, wakampitisha katikati ya askari. Hakuna askari aliyethubutu kuwasimamisha wanawake wa Sayyid na kuwafunua nyuso. Barghash akatoka salama mpaka shamba la Marseille, ingawa hatimaye mizinga ya Waingereza ilimshinda akapelekwa Bombay. Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu watu hulisahau. Mtu aliyekuja kuwa Sultani Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib na kuuletea mji maji ya mfereji, kuna usiku mmoja ambao uhai wake ulisitirika chini ya shela za dada zake, na Salme alikuwa mmoja wao.

Baada ya hapo Salme alikaa mashamba, Kisimbani na kisha Bububu, akijuta. Alipopatana tena na Majid, upande wa Khole na Barghash ukamsusa. Akarudi mjini akiwa hana mama, hana baba, na nusu ya ndugu hawasemi naye. Karibu na nyumba yake alikaa mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, na nyumba zetu za mawe, kama mjuavyo, mapaa yake yanatazamana. Yaliyotokea baina yao yalianza kwa kuonana kutoka juu. Mji ukajua. Mji wetu daima hujua, na kwa hakika hujua hata yasiyokuwapo.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, wanawake walipokuwa wakishuka pwani kuoga kama ilivyo ada, Salme akashuka nao, na hakurudi. Mashua ilimpeleka kwenye manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, na manowari ikampeleka Aden. Huko alimngoja Ruete kwa miezi mingi. Tarehe 30 Mei mwaka wa 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, na safari ya Ulaya ikaanza.

Waliishi Hamburg, wakapata watoto watatu, na mambo yangeweza kuwa na mwisho wa kawaida. Lakini mwezi wa Agosti mwaka wa 1870 Ruete alikanyagwa na tramu, akafa. Salme akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo, mkubwa wao ana miaka miwili. Sheria ya mji ule haikumwachia mama peke yake amri juu ya mali ya watoto wake, fedha zikapungua, akahama mji hadi mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alipata riziki kidogo kwa kusomesha Kiarabu. Na popote alipokwenda watu walitaka kumwona. Walimwalika majumbani mwao ili wamtazame ngozi, nywele na mapambo, na wamwulize mambo ya harimu ya baba yake, mambo ambayo hapa kwetu hata jirani wa miaka 40 haulizi. Mtu aliyezaliwa kusitiriwa alifanywa kitu cha maonyesho. Mimi nikisoma habari hizo, mambo mengine yote ya safari yake naweza kuyahukumu, ila hapo roho yangu hulainika.

Kitabu chake kilianzia hapo. Yeye mwenyewe ameeleza katika utangulizi kwamba hakukusudia kukichapisha. Alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakuwa wakijua mengi juu ya mama yao zaidi ya kuwa alitoka Unguja na ni binti wa mfalme. Alikuwa mgonjwa na mchovu, akichelea kufa kabla hawajakua akawasimulia. Zilikuwa karatasi za nyumbani, wasia wa mama kwa wanawe, kama Mwana Kupona alivyomwandikia binti yake katika karne hiyo hiyo. Kisha rafiki zake wakamshawishi azitoe. Mwaka wa 1886 zikatoka Berlin, na miaka miwili baadaye zikasomwa kwa Kiingereza.

Baina ya karatasi za nyumbani na kitabu cha sokoni palipita mambo ya dola. Mwaka wa 1875 Barghash, sasa yeye ndiye Sultani, alizuru London. Salme akaenda mbio kumwomba msamaha na haki yake ya urithi. Waingereza hawakutaka wakutane. Walimtuma Sir Bartle Frere amsihi asimkaribie nduguye, naye akaahidiwa kwamba watoto wake wataangaliwa, ahadi ambayo haikutimizwa. Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya Wajerumani. Mwaka wa 1885 Bismarck alikuwa akigombana na Barghash juu ya Usagara na Witu, hiyo Witu yetu iliyo nyuma ya Lamu, na katika kundi la manowari zilizokuja kumtisha Sultani palikuwa na merikebu moja iliyombeba Salme na watoto wake. Mgogoro wake wa mirathi, jambo la ndugu na ndugu, liligeuzwa fimbo ya serikali. Alipotembea mitaani Unguja watu walimzunguka wakamsalimu kwa furaha, hata Sultani akachukia. Barghash hakumpokea. Wajerumani walipopata walichokitaka, madai ya Salme wakayaacha njiani. Mwaka uliofuata ndio mwaka Uingereza na Ujerumani zilipokaa na kuipima pwani hii kwa maili kumi kumi, na ndio mwaka kitabu kilipotoka.

Sasa tukiangalie kitabu chenyewe. Mema yake ni mengi. Bila ya kitabu hicho tusingejua watu wa Mtoni walikula nini asubuhi, Ramadhani na Idi zilikuwaje, mabwana harusi walipatikana vipi, mgonjwa alitibiwa kwa dawa gani. Na kuna sehemu ambapo bibi huyu anawajibu Wazungu wa zama zake waliodhani kwamba mwanamke wa Kiislamu ni mnyama aliyefungwa, na anawajibu kwa ujuzi wa mtu aliyeziona nyumba za pande zote mbili. Kwa hilo tunamshukuru.

Lakini pia alimweka uwanjani Bibi Azza binti Seif, mke mkubwa wa baba yake, mwanamke aliyekwisha kufa na asiyeweza kujibu, akaeleza kimo chake, sura yake, kiburi chake, na jinsi Sayyid mwenye dola alivyomtii. Alieleza wivu baina ya wanawake wa Kicherkesi na wa Kihabeshi. Alieleza ni dada gani aligombana na nani. Barghash, ambaye alikuwa hai tena kwenye kiti, hakumbakishia kitu. Hapa nasema wazi rai yangu: mambo hayo hayakuwa yake peke yake. Siri ya nyumba ya watu 36 ni mali ya shirika, na mshirika mmoja hana ruhusa ya kuiuza yote, hata akiwa na njaa. Wazee husema siri ya mtungi muulize kata, lakini kata yenyewe haiendi sokoni kuyatangaza maji.

Tena neno likishachapwa halina mwenyewe. Alitetea utumwa wa nyumba za Waarabu katika kurasa kadhaa, kama mtu aliyelelewa humo. Mwaka wa 2019 mji wa Hamburg ulikipa kiwanja kimoja jina lake kwa kumheshimu, na haikupita muda mrefu watu wakazisoma kurasa hizo upya, wakaamua kuliondoa jina. Zaidi ya miaka 130 baada ya kuandika, alihukumiwa mahali ambapo hawezi kufika.

Hata hivyo, msomaji akikisoma kitabu hicho kwa makini atagundua jambo la ajabu. Mwanamke huyu aliyewafungulia wageni mahamamu ya Mtoni, alipofika kwenye mambo yake na Ruete, kalamu inakuwa kama ya mtu mwingine. Kurasa zilizokuwa ndefu zinakuwa fupi. Anasema walijuana, wakapendana, mji ukajua, akaondoka. Anamtetea Majid kwamba hakumtesa wala hakumfunga. Basi. Anaruka bahari kwa maneno machache, na anayetaka zaidi akatafute pengine.

Kuna zaidi ya hilo. Huko Aden, kabla ya harusi, alizaa mtoto wake wa kwanza, mwana wa kiume. Mtoto huyo alifariki angali mchanga, njiani Ufaransa, katika safari ile ya kwenda Hamburg. Mama aliyeandika juu ya farasi wa baba yake na juu ya marashi ya dada zake, juu ya mtoto huyu hakuandika kitu katika kitabu kile. Tulilijua jambo hilo kwa njia ya kumbukumbu na barua za watu wengine. Wataalamu wamezihesabu siku na miezi, wakaandika waliyoyaandika. Mimi sina haja na hesabu yao. Nilifikiri sana kama nimtaje mtoto huyo hapa, nikaona kwamba ametajwa mara nyingi na watu waliomtaja kwa ajili ya kuhesabu tu, na pengine haidhuru atajwe mara moja kwa ajili ya kuwa alikuwa mtoto, akafa, na mama yake akanyamaza.

Unyamavu huo wengine wameuita woga, na wengine hila ya kujipamba mbele ya wasomaji wa Kizungu. Nadhani hawajapata kuketi na mama aliyefiwa. Salme hakuwa na la kuficha kwa watu wa Unguja, maana walikwisha kusema yote na kuongeza. Hakuwa na la kuficha kwa mabalozi, maana barua zao zilikwisha kwenda. Alichokisitiri hakikuwa habari, kwa kuwa habari ilikwisha kutoka. Alisitiri kule kuona uchungu kwake, kusije nako kukapita mikononi mwa watu barazani Berlin baada ya chakula cha usiku.

Ushahidi wangu ni huu. Baada ya kile kitabu aliandika kingine, kwa mfano wa barua ndefu anazomwandikia rafiki yake wa kike aliyebaki Unguja, ambaye hakumtaja jina. Humo ndimo alimoeleza upweke wa Hamburg, mshituko wa mauti ya mume, jinsi alivyobatizwa akiwa hajui dini ile mpya ni nini, na jinsi moyo wake ulivyobaki ukivutwa na sala za utotoni. Ni maandishi mazito kuliko yale ya kwanza, na kwa njaa ya wasomaji wa zama zile yangeuzika sana. Hayakuchapwa katika uhai wake. Aliishi bado miaka mingi, tena miaka ya dhiki, na barua zikakaa. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1993, karibu miaka 70 baada ya kufa kwake. Sisi sasa tunazisoma. Nami nimezisoma, nakiri, kwa haya kidogo, kama mtu aliyepita tekani bila ya kusikia karibu.

Mwaka wa 1888 alijaribu tena kuja Unguja. Barghash alikuwa amekwisha kufariki mwezi wa Machi mwaka huo, na nduguye Khalifa amekalia kiti, lakini mlango haukufunguka. Kutoka hapo hakurudi Ujerumani kukaa. Alikwenda Shamu, akaishi Jaffa na Beirut zaidi ya miaka 20, mahali ambapo angalau adhana ilisikika na Kiarabu kilisemwa dukani. Juu ya miaka hiyo mirefu hakuchapisha kitabu. Hakuwapo mtu wa kumwuliza maswali ya harimu, na nadhani alipumzika.

Vita vikuu vya mwaka wa 1914 vilimkuta amerudi Ujerumani kwa watoto wake. Alifariki Jena tarehe 29 Februari mwaka wa 1924, akakaribia miaka 80, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe aliyemtangulia kwa zaidi ya nusu karne. Katika vitu vyake palionekana kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja. Wanawe wakamzika nacho.